Ndoo ya Kuku na Jalala Ni Vitu Viwili: Mazungumzo na Wafugaji wa Kuku wa Kienyeji, Ngongo, Lindi

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu, shikamooni. Mama zetu mliotoka Newala na Tandahimba, vijana wa Ruangwa, Nachingwea na Kilwa, na ninyi wenyeji wetu wa hapa Lindi, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa, kwa hiyo tuingie moja kwa moja kwenye jambo lililotukusanya chini ya turubai hili: makombo ya jikoni na majani ya bustanini, yapi yanamfaa kuku na yapi yanamuua.

Swali linaloulizwa kila mara ni hili: "Je, kuku anakula jani fulani?" Tutalijibu, na majina ya majani tutayataja. Lakini kwanza tuseme wazi, kuku wanaokufa kwa sababu ya aina ya jani ni wachache. Wengi wanauawa na hali ya chakula chenyewe. Kimetiwa chumvi. Kimeota ukungu. Ni kibichi na kilipaswa kulowekwa au kupikwa. Au kimepita kwenye dawa ya shamba. Muhogo uleule unaomnenepesha kuku wa jirani unaweza kumuua wa kwako, na tofauti kati yenu ni siku tatu za kuloweka.

Sasa angalieni jalala la nyumba. Hapo pana maji ya ng'onda, wale samaki wa kukaushwa kwa chumvi, pana maganda ya muhogo mbichi, pana ugali wa juzi wenye ukungu, pana mfuko uliobeba dawa ya mikorosho. Mambo yote manne tuliyoyataja yamekaa pamoja, na kuku anachakura hapo kutwa nzima. Halafu mvua zikianza vifaranga wanakufa, tunasema ni kideri, yaani mdondo. Wakati mwingine ni kideri kweli. Wakati mwingine tumewalisha sumu kwa mikono yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba kila nyumba iwe na ndoo mbili. Moja ni ya taka, na taka zifukiwe au zichomwe pale kuku wasipofika. Ya pili ni ya kuku, ndogo, ya lita tano inatosha, iwe na mfuniko wa kuzuia nzi, na ikae palepale mpishi anapokatia mboga. Fungu la kuku litoke kabla chumvi haijaingia chunguni. Mama anapochambua mchicha, mashina na majani ya nje yaende kwenye ndoo. Anapokata boga, utumbo wake na mbegu viende kwenye ndoo. Anapopika wali, atenge kata moja kabla hajatia nazi na chumvi. Ukisubiri watu wale kwanza ndipo ukusanye mabaki ya sahani, utakusanya chumvi, mafuta, miiba ya samaki na pilipili pamoja. Pilipili peke yake haina neno, maana ndege hausikii ukali wake kama sisi, ndiyo sababu kuku huupukutisha mpilipili bila wasiwasi. Vile vingine ndivyo vyenye madhara.

Sasa kiasi. Kuku mkubwa anayetaga hula gramu 100 hadi 120 kwa siku. Kuku wetu wa kienyeji anayezunguka hujitafutia sehemu ya hizo mwenyewe. Makombo ni kitoweo chake, hayawezi kuwa mlo wote. Kipimo chepesi: wape kile watakachomaliza ndani ya nusu saa, kisha chombo kiondolewe na kioshwe. Kwa joto la pwani yetu, wali uliomwagwa saa nne asubuhi umeshachacha kabla ya adhuhuri. Kuku akijaza gole lake, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, kwa wali na maganda ya ndizi, atashiba, atanenepa, na mayai yatapungua, kwa sababu ameshiba wanga akakosa protini na madini. Watu wengi wanalalamika kuku hawatagi, na ukichungulia chombo cha kulia unakuta ugali mtupu kutwa mara tatu.

Tuanze na chumvi, maana sisi ni watu wa pwani na chumvi imetuzunguka.

Kuku anaihitaji, lakini kidogo. Katika kilo 10 za chakula, gramu 25 hadi 35 zinatosha, yaani vijiko vinne hadi sita vya chai kwa chakula cha siku nyingi. Figo zake haziwezi kutoa ziada kama zetu, na za kifaranga ndizo dhaifu zaidi. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji ya kunywa kimeshavuka kiwango kinachodhuru vifaranga. Dalili zake: kuku anakunywa maji bila kukoma, kinyesi kinakuwa maji matupu, anachoka, miguu inalegea, na kwa vifaranga tumbo hujaa maji. Sababu kubwa huku kwetu ni maji yaliyolowekewa ng'onda, ambayo humwagwa nyuma ya jiko na kutuama kwenye kidimbwi. Mchana wa jua kali, kuku mwenye kiu hachagui maji. Yamwagwe shimoni, na maji safi ya kuku yawe kivulini siku zote. Kuku kumi wakubwa wanaweza kumaliza lita tatu kwa siku ya joto. Na kama kisima chako kina maji ya chumvichumvi, jambo la kawaida kwenye vijiji vya ukanda wa bahari, usiongeze chumvi nyingine yoyote kwenye chakula.

Dagaa nao wanataka kuangaliwa. Chukua konzi moja ya dagaa wa kulishia, tia kwenye bakuli la maji, koroga, subiri dakika mbili. Mchanga utazama chini na utauona kwa macho. Kisha gusa yale maji kwa ncha ya ulimi. Yakiwa na ukali wa chumvi, dagaa hao waloweke kwa maji mengi, kilo moja kwa lita kumi, saa moja, umwage, urudie mara ya pili, halafu uwaanike mpaka wakauke kabisa ndipo uwatwange. Mchanga unalipwa kwa bei ya dagaa, na hilo nalo ni hasara.

Akishalewa chumvi tayari, ondoa chakula kile, mpe maji safi kidogo kidogo kila baada ya dakika chache. Usimwekee beseni zima mara moja, maana akinywa mengi kwa ghafla hali huwa mbaya zaidi.

Muhogo tutakaa nao kidogo, kwa kuwa ndio ulio katika kila nyumba toka Kitangari mpaka Liwale.

Ndani ya muhogo kuna sumu aina ya sianidi iliyofungwa. Ikiwa imefungwa haifanyi kitu. Muhogo unapokatwa, unapotwangwa au unapotafunwa, kimeng'enyo kilichokuwa pembeni kinakutana nayo na kuifungua, ikatoka kama hewa. Usindikaji wote wa wazee wetu ni kuifungua sumu hiyo nje, ipeperuke, kabla haijafunguliwa tumboni. Maganda yana sumu kuliko nyama ya ndani, na majani machanga yana nyingi kuliko yaliyokomaa. Mihogo michungu inazidi mitamu, na mwaka wa ukame hata ile mitamu huzidisha ukali wake. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu waliugua huko Masasi kwa kula unga wa muhogo uliosindikwa kwa haraka, ule tunaouita chinyanya. Kama mtu mzima anaangushwa na haraka hiyo, kuku wa kilo moja na nusu je?

Njia ya kufuata ni hii. Maganda na vipande vikatwe vidogo, upana wa kidole. Kukata ni muhimu, kwa sababu ndiko kunakoifungua sumu. Ukichemsha vipande vikubwa moja kwa moja, moto unaua kile kimeng'enyo kabla hakijafanya kazi na sumu inabaki imefungwa mle ndani. Baada ya kukata, loweka kwa maji yanayofunika, siku tatu, mpaka vibonyee kwa kidole. Mwaga maji yale mbali, shimoni. Hapa ndipo wengi wanapokosea: muhogo wameuloweka vizuri, lakini beseni limeachwa wazi uani na kuku wamekunywa yale maji. Lifunike, uweke jiwe juu. Kisha anika juani juu ya jamvi au kichanja, siku tatu hadi nne, tabaka moja tu lisilolundikana, ukigeuza asubuhi na jioni, na usiku ukifunika umande. Yamekauka pale unapokivunja kipande kikatoa sauti ya "ka!" na ndani kiwe cheupe. Kikipinda bila kuvunjika, kirudishe juani. Kikiwa na madoa meusi, ya kijani au ya njano, kitupe.

Wanaotengeneza kivunde, yaani muhogo wa kuvundikwa, ule ukungu mnaoukwangua kwa kisu usiende kwa kuku. Ufukiwe.

Muhogo uliokauka vizuri ni chakula kizuri cha kutia nguvu, lakini protini yake ni kiduchu, asilimia mbili au tatu. Usivuke kilo mbili katika kilo 10 za mchanganyiko, na ukiuongeza, ongeza na dagaa au mashudu, yaani makapi ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Kisamvu nacho kitwangwe, kichemshwe chungu kikiwa wazi mvuke utoke, ndipo kuku apewe, kabla ya chumvi na nazi.

Kunde na maharage yana jambo linalofanana na hilo. Maharage mabichi, hasa yale mekundu, yana sumu inayochubua utumbo, na kuyapasha kwa moto mdogo bila kutokota hakuiondoi. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha kwa kutokota kabisa dakika zisizopungua kumi, kisha endelea mpaka yalainike. Mbaazi na choroko ni nafuu kidogo, lakini nazo zichemshwe au zikaangwe kavu, maana zikiwa mbichi zinazuia kuku kusaga protini, na unakuwa umempa mali asiyoweza kuitumia.

Sasa ukungu, na hapa tunaomba masikio yenu yote. Karanga zinapochambuliwa, zile zilizosinyaa, zilizotoboka na zenye rangi mbaya hutupwa pembeni, na mkono wa kawaida huzimwagia kuku. Huko ndiko sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inakojikusanya. Mwaka 1960 nchini Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa kwa miezi michache bila watu kujua sababu, na ilipochunguzwa ikaonekana wote walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yenye ukungu yaliyotoka Brazili. Hivyo ndivyo dunia ilivyoifahamu sumukuvu. Kwetu, mwaka 2016, iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Haitoki kwa kuchemsha wala kwa kukaanga. Kukata sehemu yenye ukungu kwenye mkate hakusaidii, kwani nyuzi zake zimeshapita ndani pasipoonekana. Inaharibu ini polepole: kuku hakui, mayai yanapungua, chanjo hazishiki vizuri, na magonjwa mengine yanapata njia. Bata huumia upesi kuliko kuku, kwa hiyo ukiwa na vyote viwili na bata wakaanza kufa, litazame gunia la chakula kabla hujatafuta mchawi. Sehemu ya sumu hiyo hupita hadi kwenye ini na kwenye mayai, na mlaji ni mtoto wako.

Pumba, mashudu na machicha ya nazi yawekwe juu ya chaga, hatua moja kutoka ukutani. Wakati wa masika nunua pumba za wiki mbili tu. Machicha ya nazi ni mazuri, yana mafuta na nyuzinyuzi, lakini yanachacha siku ileile. Kifuu kimoja kilichojaa, kichanganywe na pumba, kinawatosha kuku kumi. Yakibaki, yaanike siku hiyohiyo kwenye ungo, au yatupwe.

Tuje kwenye korosho, maana huu ni mwezi wa nane na mashambani salfa inapulizwa.

Salfa ya unga inachoma macho na kifua cha kuku kama inavyowachoma ninyi. Dawa za maji zinazopulizwa dhidi ya mbu wa mikorosho, wale wadudu wanaofyonza machipukizi yake, ni kali zaidi, zinaua mishipa ya fahamu. Mkorosho ulio karibu na nyumba ukipulizwa alfajiri, kuku wasifunguliwe chini yake, na msichume mchicha ulioota kivulini mwake kuwapelekea, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye kibandiko cha dawa. Waliokula wadudu waliokufa kwa dawa wanakunywa sumu ileile kwa mkono wa pili: mate yanawatoka, wanatetemeka, wanaanguka. Na pia mbegu za dukani zilizopakwa rangi, nyekundu au kijani. Rangi ile ni onyo. Zinazobaki baada ya kupanda zisichanganywe na mahindi ya kuku hata ukiziosha.

Ganda la korosho lina mafuta yanayochoma. Akina mama wanaobangua kwa mkono wanajua, ndiyo maana wanajipaka majivu au mafuta kabla ya kuanza. Ganda lisilo na kitu ndani bado lina mafuta hayo, na masizi ya korosho zilizochomwa yanayo pia. Hayo yasifike uani. Lakini vipande vya korosho vilivyobanguliwa na kumenywa, visivyo na chumvi wala ukungu, ni chakula cha thamani, vina mafuta mengi na protini nzuri. Konzi moja kwa kuku kumi, mara mbili kwa juma, inatosha. Ukizidisha wananenepa na kuacha kutaga.

Mabibo yataanza mwezi wa kumi. Bibo lililoanguka leo, likakatwa vipande, halina tatizo: matatu au manne kwa kuku kumi. Yaliyolala chini siku mbili yameshageuka pombe, na kuku aliyelewa analala palipo wazi, na kipanga au kicheche anamkuta. Kabla hujafungua banda asubuhi, pitia chini ya mkorosho na ndoo. Makapi yanayobaki baada ya kukamua uraka, ile pombe ya mabibo, yaanikwe kabisa kwanza, na hata hivyo yawe kidogo tu, kwa kuwa ule ukakasi wa bibo unazuia protini isitumike mwilini.

Samaki na nyama. Matumbo na vichwa vya samaki ni zawadi ya Mungu kwa mfugaji wa Mikindani na Kilwa Masoko, ila yachemshwe dakika ishirini bila chumvi, na kabla ya kuchemsha uyapekue kwa mkono kutafuta ndoano na mshipi. Ndoano moja kwenye firigisi, kuku hana dawa. Bunju, yule samaki anayejivimbisha, asiguswe kabisa, si nyama, si ini, si mayai yake. Sumu yake haitoki kwa moto. Wavuvi humtupa ufukweni, na kuku wa nyumba za karibu humfikia. Ukimwona, mfukie.

Matumbo, damu na maji ya kunyonyolea kuku hayarudi kwa kuku wengine. Hii ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuingiza kideri bandani, hasa pale mtu anapomchinja kuku aliyeonekana mnyonge ili asife bure. Yafukiwe. Na chanjo ya kideri, ile ya I-2, tone moja jichoni kila miezi mitatu, isikosekane. Hakuna lishe inayoziba pengo lake.

Wadudu ni chakula bora. Mchwa unawapata hivi: jaza chungu kwa mabua makavu na samadi ya ng'ombe iliyoloweshwa, kipindue mdomo chini juu ya tundu la kichuguu jioni, funika kwa jani la mgomba, na asubuhi mapema, kabla jua halijapanda, kikung'ute mbele ya vifaranga. Usifanye hivyo kwenye kichuguu kilichowahi kumwagiwa dawa. Funza wa kwenye mzoga ni jambo jingine: wanabeba sumu ya mzoga, na kuku aliyewala shingo inalegea mpaka kichwa kinalala chini, na mabawa hayanyanyuki. Ukiona shingo imelegea, tafuta mzoga ulipo uufukie, ndipo uendelee na mengine.

Haya, majani. Ya kupewa bila hofu ni mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, kabichi na sukuma. Yafunge kitita, uyaning'inize kimo cha kichwa cha kuku, ili wayadonoe bila kuyakanyaga. Yakimwagwa chini kwenye kinyesi yanakuwa njia ya minyoo. Nyasi ndefu zikatwe fupi, upana wa vidole viwili, la sivyo zinajisokota golini na kuziba. Gole la asubuhi linatakiwa liwe tupu. Ukilishika kabla ya kumlisha ukakuta gumu kama mpira, mnyime chakula, mpe maji, na umkande taratibu.

Mlonge ni hazina, jani lake likikauka lina protini kama robo ya uzito wake, na linakipa kiini cha yai ile rangi ya dhahabu ambayo wateja wanaitafuta. Likaushwe kivulini siku tatu hadi nne, lisianikwe juani, litwangwe, nusu kilo kwa kilo 10 za chakula. Lusina, ule mti wa malisho, nayo inafaa kwa kiasi hicho hicho, isizidi, kwa kuwa ina kemikali inayodumaza ikizidi. Papai bivu, mbegu na maganda yake, sawa. Watu husema mbegu za papai na za boga zinatoa minyoo. Wapeni kama chakula, lakini dawa ya minyoo kila miezi mitatu iendelee.

Ya kukataa: ganda la kijani na machipukizi ya kiazi mviringo, majani ya nyanya na ya bilinganya, na nyanya mbichi za kijani. Nyanya iliyoiva haina shida. Kiazi kitamu ni jamii nyingine kabisa, wala msikichanganye na kiazi mviringo. Parachichi lote tuliache, jani, kokwa na ganda, sumu yake hushambulia moyo wa ndege. Kitunguu kingi kinavunja damu, na hata kidogo kinaacha harufu kwenye yai. Majani ya chai yaliyochujwa na machicha ya kahawa yaende kwenye ndoo ya taka. Mafuta yaliyokaangiwa chipsi mara nyingi vilevile.

Uzioni, ng'oeni au mzuieni kuku asiifikie mibarika na mibono, mbegu zake zina sumu kali. Mtipitipi wenye mbegu nyekundu na jicho jeusi, vivyo hivyo. Mbegu za marejea, zao zuri la kurutubisha udongo, zinaharibu ini la kuku zikichanganyika na nafaka. Mbegu za mnanaha huvunwa pamoja na mtama bila kukusudia, kwa hiyo mtama wa kuku upepetwe na kuchambuliwa kama wa watu. Kuku aliyeshiba anayezunguka huyapita mengi ya haya. Hatari iko kwa kuku mwenye njaa aliyefungiwa, kisha akatupiwa matawi yaliyofyekwa ovyo. Hana la kuchagua.

Maganda ya mayai na ya chaza msiyatupe. Ganda la yai moja lina karibu gramu mbili za madini ya chokaa, na kuku anayetaga anayahitaji kila siku. Maganda ya mayai yakaangwe kavu mpaka yawe rahisi kuvunjika, yatwangwe mpaka yasifanane tena na yai, maana kuku akilitambua ganda atajifunza kudonoa mayai yake. Ya chaza na kome wa baharini yaoshwe kwanza kwa maji baridi mara mbili yatoke chumvi. Yawekwe kwenye kifuu chake peke yake, mtagaji ale kwa hitaji lake. Vifaranga na kuku wasioanza kutaga wasipewe, chokaa nyingi inaumiza figo zao.

Ukitaka chakula cha jioni cha kuongezea, kilo 10 zitengenezwe hivi: pumba au mahindi ya kuparaza kilo sita, mashudu ya ufuta au alizeti kilo mbili, dagaa waliotwangwa kilo moja, mlonge nusu kilo, maganda ya chaza yaliyosagwa nusu kilo, na chumvi gramu 25 kama dagaa hawakuwa na chumvi. Gramu 50 kwa kuku mkubwa, yaani konzi moja, saa kumi na moja jioni wanaporudi. Kuku kumi watakitumia siku ishirini. Mchanganyiko huu wenye maganda ya chaza ni wa watagaji, kwa vifaranga uyatoe. Na vifaranga wa chini ya wiki nane wasipewe makombo kabisa, ila mchicha uliokatwa nyembamba kama wa kupika na hao mchwa.

Kuku akianguka ghafla, usimchinje mkale. Waondoe wengine pale walipokuwa, fungia chakula kilichobaki kwenye mfuko, kitie pembeni, mwite mtaalamu wa mifugo wa kata akione pamoja na mzoga. Bila kile chakula ataishia kukisia.

Pale mezani kuna nyungo tatu za maganda ya muhogo: ya siku moja juani, ya siku mbili na ya siku nne. Na bakuli la dagaa liko pembeni. Njooni mvunje kwa mikono yenu, msikie ya siku nne yanavyolia, kisha mkoroge dagaa muone mchanga. Tuanze na waliotoka mbali, kwa sababu gari la Tandahimba linaondoka saa nane.